Brashi ya kunyolea: Kwa nini nyuzi za kiwandani zinazishinda nywele za mnyama

Katika vibanda vya vinyozi vinavyolizunguka soko la Chwele, eneo la Kabuchai katika Kaunti ya Bungoma, mashine ya umeme ndiyo inayotamalaki siku hizi. Mteja huketi, kinyozi huiwasha mashine, na baada ya dakika chache kichwa huwa tayari. Hata hivyo, wapo wanaume ambao hawaridhiki na kazi ya mashine kwenye kidevu. Hao hutaka wembe upite, na wembe haupiti vyema pasipo povu. Povu nalo, likitakiwa lile zito linalokaa usoni bila kukauka, huhitaji brashi.

Brashi ya kunyolea ni kifaa kidogo ambacho wengi hukinunua bila kukitazama mara mbili. Muuzaji hukipanga kando ya nyembe na vioo vya mkononi, naye mnunuzi huuliza bei tu. Ilhali swali la brashi hiyo imetengenezwa kwa kitu gani limewahi kuwa suala la kufa na kupona, na hata leo jibu lake linagusa afya ya ngozi, usalama wa wateja wanaonyolewa na kinyozi mmoja, imani za dini na hata sheria ya wanyamapori.

Kazi yenyewe ya brashi si ngumu kuieleza. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu huwa mgumu mno, lakini ukishanywa maji hulainika na wembe huukata kwa nguvu ndogo. Brashi huchanganya maji, sabuni na hewa hadi vikawa povu, hulipenyeza povu hilo mpaka kwenye mashina ya nywele, huzisimamisha nywele zilizolala, na papo hapo husugua ngozi taratibu ikiondoa magamba ya ngozi iliyokufa. Kiganja cha mkono kinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, ila si yote.

Kwa muda mrefu watu wa Ulaya walishikilia kwamba brashi bora ni ile ya nywele za mnyama wanayemwita badger. Jina hilo huweza kumkanganya msomaji wa huku kwetu, kwa kuwa nyegere naye huitwa na Waingereza honey badger. Nyegere, yule mnyama mkaidi anayechukiwa na wafugaji wa nyuki kwa kuvunja mizinga yao, hahusiki hata chembe na biashara hii. Nywele za brashi hutoka kwa melesi, mnyama wa Ulaya na Asia mwenye milia myeusi na myeupe usoni. Wawili hao ni wa ukoo mmoja mpana ambao pia una fisi-maji ndani yake, lakini undugu wao unakomea hapo.

Inafaa jambo hilo lieleweke vizuri, maana asije mtu akadhani kwamba anaweza kuanzisha biashara ya brashi kwa kutega nyegere kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaweka adhabu kali kwa anayeua mnyama wa porini au kufanya biashara ya viungo vyake bila kibali. Huko Uingereza kwenyewe, ambako kampuni za brashi zina historia ndefu, melesi wanalindwa na sheria maalumu iliyopitishwa mwaka wa 1992. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nywele zinazofungwa katika brashi za Ulaya hutoka China.

Biashara hiyo ina madaraja yake. Nywele zinazothaminiwa zaidi ni zile ndefu zenye ncha nyeupe kama fedha, ambazo brashi yake moja huko ng'ambo huweza kugharimu makumi ya dola, na pengine mamia. Kinaya ni kwamba brashi iliyoandikwa kwa fahari kuwa ni ya melesi “halisi” mara nyingi ndiyo ya daraja la chini kabisa, yenye nywele nyeusi, fupi na zinazochoma uso. Mtu asiyeijua lugha ya wauzaji hulipa pesa nyingi akidhani amepata kilicho bora kumbe amepewa makapi.

Mnamo 2018, shirika la kutetea haki za wanyama la PETA lilitoa picha za video kutoka China zilizoonyesha melesi wakiwa wamefungiwa katika vizimba vidogo na kuuawa kwa ukatili kwa ajili ya nywele zao. Baada ya picha hizo kuenea, kampuni kadhaa za vipodozi na vifaa vya kunyolea zilitangaza kwamba zingeachana na nywele hizo. Ubishi ungalipo kuhusu ni kiasi gani cha nywele hutoka kwa wanyama waliofugwa na ni kiasi gani hutoka kwa wale wa porini, lakini mnunuzi aliye dukani hana njia yoyote ya kujua iliyo mkononi mwake ilitoka wapi.

KIMETA KATIKA BRASHI

Sura ya kutisha zaidi katika historia ya brashi za nywele za wanyama iliandikwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya 1914, nywele nzuri za kutengenezea brashi zilipitia kwa wafanyabiashara wa Ulaya, hasa Wajerumani, waliokuwa na utaalamu wa kuzisafisha na kuziua vijidudu. Vita vilipozuka, njia hizo zilifungwa. Wakati huohuo mahitaji ya brashi yakapanda ghafla. Gesi ya sumu ilikuwa imeanza kutumiwa vitani, na barakoa ya kuizuia haikubani sawasawa kwenye uso wenye ndevu. Kila askari akalazimika kunyoa. Serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake nyembe za Gillette zipatazo milioni 3.5, na penye wembe hapakosi brashi.

Viwanda viliziba pengo hilo kwa singa za farasi zilizoagizwa kutoka Asia. Singa hizo zilitiwa rangi ili zifanane na nywele za melesi, kisha zikafungwa katika mipini na kuuzwa kwa bei ya chini. Haraka ilikuwa nyingi na usafishaji ukawa hafifu. Baadhi ya singa zilikuwa na mbegu za bakteria wa kimeta, ugonjwa uleule unaowaua ng'ombe na mbuzi ghafla na ambao maafisa wa mifugo humkataza mtu kuchuna au kula mzoga wake.

Mbegu za kimeta zina ugumu wa ajabu. Hukaa udongoni au katika ngozi na nywele za mnyama kwa miaka na mikaka, zikingoja upenyo. Upenyo huo brashi iliuleta yenyewe. Askari alichovya brashi mpya katika maji ya uvuguvugu, akajisugua usoni na shingoni, kisha wembe ukamkwaruza hapa na pale. Baada ya siku chache kilitokea kipele kisichouma sana, kikageuka kidonda chenye kovu jeusi katikati, na uso ukavimba. Dawa za viuavijasumu zilikuwa bado hazijapatikana. Katika Marekani na Uingereza, zaidi ya watu 200, wengi wao wakiwa wanajeshi, waliripotiwa kuugua kimeta kilichohusishwa na brashi za kunyolea katika kipindi hicho na miaka michache iliyofuata. Baadhi yao walifariki. Mnamo 1920 Uingereza iliamua kuzuia kabisa brashi za kunyolea kutoka Japani zisiingie nchini humo.

Je, hatari hiyo ingalipo leo? Kwa brashi mpya iliyotengenezwa na kampuni inayojulikana, hatari ni ndogo sana, kwa sababu nywele husafishwa kwa joto na kemikali kabla hazijafungwa. Mashaka yapo kwa brashi zisizo na jina wala asili, na kwa zile za zamani zinazouzwa kama vitu vya kale. Kwa Mkenya, kimeta si hadithi ya vitabuni. Mnamo Julai 2019 ugonjwa huo uliwaua nyati katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, na mara kwa mara huripotiwa miongoni mwa mifugo katika sehemu mbalimbali za nchi. Brashi ya nyuzi za kiwandani haiwezi kuja na mbegu hizo kutoka kwenye ngozi ya mnyama, kwa sababu hakuna mnyama aliyehusika.

Mbali na melesi na farasi, kuna nguruwe. Brashi za singa za nguruwe ndizo rahisi kupatikana kati ya zile za asili, na vinyozi wa Italia wamezitumia kwa vizazi vingi. Singa hizo ni ngumu, huhitaji kurowekwa kwa muda kabla ya kila matumizi, na huchukua majuma kadhaa kabla ncha zake hazijapasuka na kulainika. Lakini kwa Mwislamu wa Bungoma mjini, Mumias au Kitale, ugumu wa singa ndio shida ndogo kuliko zote. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, nguruwe ni najisi pamoja na nywele zake, na kitu kilichogusa uso kikiwa kimelowa maji huuharibia mtu tohara yake. Wafuasi wa Kiadventista nao, ambao hawali nguruwe, wapo ambao wasingependa kujisugua kwa singa zake. Muuzaji akiulizwa brashi ni ya nywele gani, jibu la “ni nywele za kawaida” halitoshi.

KUTOKA NAILONI HADI NYUZI LAINI

Ukombozi wa mswaki ndio uliotangulia ukombozi wa brashi ya kunyolea. Hadi miaka ya 1930, miswaki ya dukani ilitengenezwa kwa singa za nguruwe. Mwaka wa 1938, kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza nailoni, na bidhaa ya kwanza kabisa ya nailoni kufika madukani ilikuwa mswaki, kabla hata ya soksi za wanawake zilizokuja kuipa umaarufu. Haikuchukua muda watengenezaji wa brashi za kunyolea nao wakaijaribu.

Majaribio hayo ya mwanzo yaliipa brashi ya kiwandani sifa mbaya ambayo imeiandama hadi leo miongoni mwa wazee. Nyuzi za nailoni za zama hizo zilikuwa nene, zimekatwa butu nchani kama fagio, na hazikuweza kushika maji. Povu liliteleza likaanguka, na uso ukabaki na mikwaruzo. Mzee aliyewahi kuitumia brashi ya namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kuichukia.

Mambo yamebadilika sana tangu mwanzoni mwa karne hii. Nyuzi za sasa, nyingi zikiwa za aina ya poliesta, hufanywa nyembamba sana na kuchongwa kwa kemikali hadi ncha yake ikawa kali na laini mfano wa ncha ya unywele wa kweli. Nyingine hupindwa kidogo ili maji na povu vipate mahali pa kukaa katikati ya nyuzi. Kampuni kongwe ambazo zamani zisingethubutu kuuza kitu kisicho cha asili, kama Plisson ya Ufaransa iliyoanzishwa 1808 na Mühle ya Ujerumani iliyoanzishwa 1945, sasa zinauza brashi za nyuzi hizo bila kuona haya. Nazo viwanda vya China hutengeneza za bei nafuu kwa wingi, ambazo ndizo zinazofika katika masoko yetu.

Tofauti kubwa iko katika maji. Unywele wa mnyama hunyonya maji ndani yake. Ndiyo sababu brashi ya melesi hurowekwa dakika chache kabla ya kazi, na ndiyo sababu pia huchukua hata siku nzima au zaidi kukauka baada ya kazi. Uzi wa kiwandani haunyonyi. Maji hukaa baina ya nyuzi tu, na ukiikung'uta brashi mara mbili tatu yanatoka. Baada ya saa chache imekauka.

Mkazi wa jangwani huenda asilione jambo hilo kuwa na uzito. Kabuchai si jangwa. Miteremko ya Mlima Elgon hupata mvua kwa miezi mingi ya mwaka, na katika msimu wa masika nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado na unyevu. Brashi ya nywele za mnyama ikiachwa ndani ya nyumba katika hali hiyo, hasa ikifungiwa kabatini au ndani ya mkoba wa safari, huanza kunuka, hupata ukungu katikati ya fungu, na mwishowe mashina huoza na nywele kuanza kunyofoka moja moja usoni. Kinyozi anayeitumia brashi yake tangu asubuhi hadi magharibi hampi nafasi yoyote mnyama huyo ya kukauka.

Uzi wa kiwandani pia hautumii sabuni nyingi. Kwa kuwa hauinywi, sabuni yote hugeuka povu. Kwa familia inayoteka maji kisimani au kutoka Mto Kuywa na kuyabeba kwa mtungi, kutohitaji kikombe cha ziada cha maji ya moto kwa ajili ya kuroweka brashi ni jambo la maana, ingawa watengenezaji wa Ulaya hawalitaji katika matangazo yao.

WEMBE MMOJA, BRASHI MOJA

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya usafi. Watu wa Bungoma hawahitaji kufundishwa upya somo hili. Miongoni mwa Wabukusu, vijana hupashwa tohara mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili, na msimu ujao baada ya ule wa 2024 ni wa 2026. Zamani kisu kimoja kiliweza kuwapitia vijana kadhaa kwa mfululizo. Ukimwi ulipoanza kuteketeza watu, wahudumu wa afya waliwahimiza wazee na ngariba wahakikishe kila kijana ana kisu chake. Vivyo hivyo katika desturi ya jamii nyingi za Waluhya ya kuwanyoa nywele wafiwa baada ya mazishi, wembe mmoja wa kuzungushwa kwa ukoo mzima uliachwa, kila mtu akaja na wake.

Somo hilo lilieleweka kwa kisu na wembe. Kwa brashi bado. Kinyozi makini hufungua wembe mpya mbele ya mteja, jambo la kusifiwa, kisha huchukua brashi ileile iliyompaka povu mteja wa kabla yake na kuichovya katika bakuli lilelile. Mteja huona wembe mpya akatulia, asijue kwamba brashi imepita juu ya vipele na mikwaruzo ya uso mwingine.

Virusi vya Ukimwi hudhoofika upesi nje ya mwili, na uwezekano wa kuambukizwa kwa brashi ni mdogo mno. Homa ya ini aina ya B ni habari nyingine. Virusi vyake huweza kubaki hai juu ya kitu kikavu kwa siku saba au zaidi, na hupatikana katika damu kidogo kiasi kwamba macho hayaioni. Isitoshe, kuna maradhi yasiyoua lakini yanayosumbua: choa, majipu madogo ya vinyweleo, na maambukizi ya bakteria wanaopenda unyevu. Brashi iliyolowa kutwa kucha ni makao yao mazuri.

Hapa ndipo brashi ya nywele za mnyama inaposhindwa waziwazi. Dawa iliyo rahisi kupatikana ya kuua vijidudu ni ile ya kung'arishia nguo, ambayo kila duka la Kabuchai huiuza kwa jina la Jik. Dawa hiyo huyeyusha protini, na unywele wa mnyama, kama unywele wa mwanadamu, ni protini tupu. Brashi ya melesi ikitumbukizwa humo mara kwa mara huwa kama nyasi kavu na kukatika. Uzi wa poliesta huvumilia. Nailoni nayo huvumilia kwa kiasi, ingawa baada ya muda hubadilika rangi na kuchakaa.

Kipimo kinachopendekezwa kwa vitu vinavyoweza kuwa na damu ni dawa ya nguvu ya asilimia 0.5. Chupa ya Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Brashi huoshwa kwanza kwa sabuni hadi povu lote litoke, kwa sababu uchafu huipunguza nguvu dawa, kisha hutumbukizwa kwa dakika 10 na kusuuzwa kwa maji mengi. Mchanganyiko hufanywa upya kila siku. Kuichemsha brashi, iwe ya aina gani, si busara: gundi inayoshikilia fungu ndani ya mpini hulegea.

Kinyozi mwenye wateja wengi hawezi kungoja dakika 10 baina ya mtu na mtu, ila akiwa na brashi nne au tano za bei nafuu za kupokezana anaweza. Kwa gharama ya brashi moja nzuri ya melesi angeweza kununua za kiwandani za kutosha kibanda kizima. Lililo bora zaidi ni mteja wa kila juma awe na brashi yake mwenyewe, aje nayo na aondoke nayo, kama anavyofanya kwa taulo.

Suala jingine linalowagusa wanaume wa Kiafrika kwa namna ya pekee ni vipele vya ndevu. Nywele zilizojikunja, zikikatwa karibu mno na ngozi, hujipinda na kurudi kuchoma ngozi au kukua ndani kwa ndani. Mwili huzichukulia kama mwiba, na matokeo yake ni vipele, usaha na makovu meusi shingoni. Wataalamu wa ngozi hukadiria kwamba wanaosumbuliwa na tatizo hili miongoni mwa wanaume weusi wanaonyoa kwa wembe hufika nusu na hata kupita.

Brashi laini husaidia kidogo, kwa kuwa huinua nywele zinazoanza kulala na kuondoa magamba yanayoziba vinyweleo. Brashi ngumu ya singa za nguruwe, au ya nailoni ya kizamani, huchochea vipele vilivyokwisha kuvimba. Lakini asidanganywe mtu kwamba brashi, ya aina yoyote ile, ni tiba. Kunyoa kwa kufuata mwelekeo wa ndevu, kutumia wembe wenye makali mapya, na kutovuta ngozi wakati wa kunyoa ndiko kunakosaidia zaidi. Yule ambaye vipele vyake vimekuwa sugu, heri aachane na wembe na kutumia mashine inayoacha ndevu fupi kidogo.

Haki itendeke kwa melesi: wanaomsifu hawasemi uongo. Brashi nzuri ya nywele zake hushika joto la maji kwa muda mrefu na hupapasa uso kwa namna ambayo wengi hukiri kwamba nyuzi za kiwandani, pamoja na maendeleo yake yote, bado haziifikii kikamilifu. Ikitunzwa vizuri mahali pakavu, na ikatumiwa na mtu mmoja, hudumu miaka kumi na zaidi. Aidha, nyuzi za kiwandani ni plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Kenya, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017, inajua taka za aina hiyo zinakoishia. Brashi iliyochakaa haiozi shambani. Hoja hiyo ina nguvu, ila ukubwa wake uangaliwe: fungu la nyuzi za brashi moja ni dogo kuliko mswaki mmoja kwa kazi inayofanya miaka mingi, ilhali nyembe za plastiki za kutumia na kutupa hujaza majaa kila juma.

Kwa anayekwenda dukani Chwele, Bungoma au Kitale, kuna jaribio moja la zamani la kutambua brashi ni ya nini. Ung'olewe uzi mmoja na kuchomwa kwa kiberiti. Unywele wa mnyama hutoa harufu ileile inayosikika kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa motoni, kisha husagika vidoleni kuwa majivu. Uzi wa kiwandani huyeyuka, hujikunyata na kuacha kipunje kigumu chenye harufu ya plastiki. Muuzaji anayeringia brashi ya “asili” kwa bei ya juu hana budi kukubali jaribio hilo. Mstari mweusi katikati ya fungu si ushahidi wa chochote, kwani singa za nguruwe na nyuzi za plastiki hutiwa rangi ili ziwe na mstari huo.

Ncha nazo zijaribiwe kwa kusukuma fungu la nyuzi kwenye kiganja. Zikichoma kama fagio la chelewa, hiyo ni nailoni ya kizamani, na bei yoyote ni ghali. Zikiteleza na kuinama bila kuchoma, zinafaa. Brashi ivutwe kidogo kuona kama nyuzi zinang'oka, na mahali fungu linapoingia katika mpini pasiwe na ufa ambamo maji yanaweza kujipenyeza. Mpini wa mbao unapendeza macho, lakini katika unyevu wa Kabuchai hupasuka upesi kuliko wa plastiki.

Anayehama kutoka brashi ya nywele kwenda ya nyuzi hulazimika kubadili mkono. Haihitaji kurowekwa: huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu, hukung'utwa mara moja, kisha huzungushwa juu ya sabuni kwa sekunde chache. Ikiwa na maji mengi povu huwa jepesi na kuchuruzika hadi kifuani, kosa ambalo karibu kila mgeni wa brashi hizi hulifanya na kuilaumu brashi. Maji huongezwa matone machache baada ya povu kuanza kutokea, si kabla. Sabuni ya kipande ya kufulia iepukwe kwa kuwa hukausha ngozi. Usoni brashi huzungushwa kwa wepesi, kisha povu hulainishwa kwa mipapaso ya juu na chini. Kazi ikiisha, husuuzwa hadi maji yatoke meupe, hukung'utwa, na kutundikwa au kusimamishwa mahali penye hewa, si ndani ya kikombe.